Ziwa Ngosi na njia za kale za Uporoto: milima hii inalindwa kwa ajili ya nani?

Ukitoka Mbeya kwenda Tukuyu, barabara ikishapita Uyole huanza kupanda. Hewa inakuwa ya baridi, mashamba ya viazi mviringo na pareto yanaonekana pande zote mbili, na ukungu mara nyingi hufunika vilele. Ukifika Isongole, uko katikati ya milima miwili ya volkano. Mashariki ni Mlima Rungwe. Magharibi ni Ngosi, ambao kileleni mwake kuna ziwa ambalo wapita njia wengi hawajawahi kuliona, ingawa wamepita karibu yake miaka yote.

Makala haya yanaeleza Ziwa Ngosi ni nini, kwa nini msitu unaolizunguka umewekwa chini ya hifadhi, njia gani za zamani zilipita katika milima hii, na jambo ambalo wananchi wa pembezoni huuliza mara kwa mara: kama njia ni ya mababu na msitu ni wa serikali, mimi nipite wapi?

Ziwa lisilo na mto wa kutokea

Ngosi ni ziwa la kreta. Maana yake ni kwamba limekaa ndani ya shimo kubwa lililobaki baada ya mlima wa volkano kulipuka na sehemu yake ya juu kuporomoka ndani. Mvua ilijaza shimo hilo kwa miaka mingi hadi likawa ziwa.

Lina urefu wa karibu kilomita 2.5 na upana wa karibu kilomita 1.6, na kina chake hufikia mita zipatazo 74. Liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Linatajwa kuwa miongoni mwa maziwa makubwa zaidi ya kreta barani Afrika. Kuta zake zina mteremko mkali sana, zimefunikwa na msitu, kiasi kwamba mtu akisimama juu ya ukingo hulitazama ziwa kama anayetazama ndani ya chungu. Wenyeji hueleza kwamba jina Ngosi, ambalo wengine huandika Ngozi, kwa Kisafwa lina maana ya kitu kikubwa.

Hakuna mto unaoonekana ukitoka ziwani. Maji yake hupungua kwa mvuke na kwa kupenya ardhini. Wataalamu waliopima maji hayo wamekuta yana chumvi nyingi kuliko maji ya mvua, dalili kwamba chini ya ziwa kuna maji ya moto na gesi zinazopanda kutoka kwenye miamba yenye joto. Ndiyo sababu eneo la Ngosi liko miongoni mwa maeneo ambayo kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, imeyapa kipaumbele katika kutafuta umeme unaotokana na joto la ardhini.

Volkano hizi hazijafa. Miaka kama 12,000 iliyopita Ngosi ililipuka na kumwaga majivu na mawe mepesi mbali sana, mpaka kwenye uwanda wa Kitulo. Imelipuka tena ndani ya miaka 1,000 iliyopita. Jirani yake, Mlima Kiejo, ulitoa uji wa moto karibu mwaka 1800, yaani wakati wa mababu wa mababu wa watu wanaoishi sasa. Majivu hayo ndiyo yaliyoacha udongo mweusi wenye rutuba ambao leo unaotesha viazi, ndizi, chai na maharage.

Masimulizi ya wazee yana namna yake ya kueleza mambo haya. Wapo wanaosimulia kwamba ziwa hili hapo kale lilikuwa mahali pengine, likawa linawasumbua watu, mpaka wataalamu wa jadi walipotupa jiwe la moto ndani yake, nalo likahamia lilipo leo. Wengine husimulia juu ya joka kubwa linaloishi humo. Ukisikiliza kwa makini, masimulizi hayo yanazungumzia moto, maji na ardhi inayohama, mambo ambayo yamekuwa yakitokea kweli katika milima hii.

Njia za miguu kabla ya lami

Ukitazama ramani utaona kwamba milima ya Uporoto, Rungwe na Kipengere imesimama kama ukuta kati ya sehemu mbili. Kusini kuna bonde la Unyakyusa na Ziwa Nyasa. Kaskazini kuna tambarare za Usangu, na ukiendelea mashariki unafika Ubena na Uhehe, Iringa. Kila aliyetaka kutoka upande mmoja kwenda mwingine ilimbidi kutafuta mlango katika ukuta huo.

Milango hiyo ilijulikana zamani. Wakinga, ambao milima yao ni Makete ya leo, walikuwa wafua chuma hodari. Majembe na mikuki yao iliteremka milimani kwenda Unyakyusa, na chakula kikapanda kwenda Ukinga. Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa walifinyanga vyungu, navyo vilifika mbali na ziwa. Biashara hiyo haikuhitaji barabara. Ilihitaji njia ya mguu inayojulikana, mahali pa kulala, na amani kati ya mlango mmoja na mwingine.

Amani hiyo haikuwapo siku zote. Katika karne ya 19 Wahehe na Wasangu walipigana kwa miaka mingi. Watawala wa Wasangu, waliojulikana kwa jina la Merere, walisukumwa kutoka Usangu na kujenga ngome upande wa Usafwa, Utengule, magharibi ya mahali ambapo leo pana mji wa Mbeya. Watu wa milimani wakajikuta katikati ya madola mawili. Kwa wengi wao, msitu ulikuwa pa kujificha.

Mwaka 1877 Mwingereza Frederick Elton alitoka kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akapanda milima hii na kuteremkia Usangu, ambako alikuta vita kati ya Merere na Wahehe. Alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo huko Ugogo, akiwa njiani kuelekea pwani. Kwa miaka mingi baadaye ramani za Kizungu ziliuita uwanda wa Kitulo kwa jina lake. Mwaka 1879 alifuata Joseph Thomson kutoka Uskochi, aliyepita Uhehe na kufika Nyasa kabla ya kuendelea hadi Ziwa Tanganyika. Hawakugundua njia hizo. Walipitishwa na wapagazi na waongozaji waliokuwa wakizijua.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walianzisha kituo cha Rungwe, na mwaka huo huo, Agosti 17, jeshi la Mkwawa liliwashinda Wajerumani Lugalo, Iringa. Baada ya Kalenga kuanguka mwaka 1894 na Mkwawa kufariki mwaka 1898, utawala wa kikoloni ulianza kupima milima, kuweka vituo na kupanua baadhi ya njia. Njia nyingine ziliachwa kwa waenda kwa miguu.

Hivyo barabara kuu za leo zimefuata kwa sehemu kubwa milango ile ile. Barabara ya Iringa, Makambako, Chimala hadi Uyole inapita chini ya miguu ya milima. Barabara ya Uyole hadi Kasumulu inavuka kati ya Ngosi na Rungwe. Ile ya Chimala kwenda Matamba inapanda ukuta wenyewe kwa kona zilizoipa jina maarufu: Hamsini na Saba.

Aina mbili za hifadhi, sheria mbili

Wananchi wengi huita kila msitu uliolindwa "hifadhi", kisha wanashangaa kwa nini masharti yanatofautiana. Katika eneo hili zipo aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni hifadhi ya taifa, inayosimamiwa na TANAPA. Hiyo ni Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 413 katika Mikoa ya Njombe na Mbeya. Ilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua na mimea. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Katika hifadhi ya taifa hairuhusiwi kuishi, kulima, kuchunga, kukata kuni wala kuwinda. Kuingia ni kwa kibali.

Ya pili ni hifadhi ya mazingira asilia, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Msitu wa Mlima Rungwe ulipewa hadhi hiyo mwaka 2009, na msitu wa Safu za Uporoto, wenye Ziwa Ngosi, nao uko katika kundi hilo. Hapa pia kukata miti, kulima na kuchunga ni marufuku. Utafiti, elimu na utalii vinaruhusiwa kwa utaratibu. Sheria hiyo pia inafungua mlango wa makubaliano ya usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji vinavyopakana na msitu.

Ipo aina ya tatu ambayo wengi huisahau: msitu wa hifadhi wa kijiji, ulio kwenye ardhi ya kijiji. Huo unasimamiwa na kijiji chenyewe, kwa sheria ndogo ambazo mkutano mkuu wa kijiji umezipitisha.

Wanyama ambao huwapati pengine

Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa vijiji vya kuzunguka Rungwe walisikia habari za kima mmoja mwenye haya, aitwaye kipunji. Walidhani ni hadithi. Baadaye wakamwona katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Mwaka 2004 mtafiti mwingine alimwona kima huyo huyo mbali kabisa, katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, Mkoa wa Iringa. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kuwa ni aina mpya kwa sayansi. Mwaka huo huo kipunji mmoja alinaswa katika mtego wa mkulima kwenye shamba la mahindi, na uchunguzi wa mwili wake ukaonyesha kwamba hafanani vya kutosha na nasaba yoyote iliyojulikana. Akapewa nasaba yake mwenyewe, Rungwecebus, jina la mlima wetu. Hilo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika kwa zaidi ya miaka 80.

Sensa iliyotangazwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu duniani kote, na hao wote wako Tanzania, katika makundi hayo mawili ya Nyanda za Juu Kusini.

Si kipunji peke yake. Yupo minde, paa wa msituni mwenye haya ambaye haonekani nje ya Tanzania. Yupo mbega mweusi kwa mweupe. Yupo kinyonga mwenye pembe tatu, aliyeandikwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1900 kutokana na kinyonga waliotoka katika milima hii ya Ngosi. Na juu Kitulo kuna aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini, pamoja na tandawala na mbayuwayu wa bluu, ndege ambao idadi yao imepungua katika nchi nyingi.

Ushoroba: pale njia ya mtu na njia ya mnyama zinapokutana

Hapa ndipo jambo linakuwa gumu. Kipunji anaishi juu ya miti. Hapendi kushuka na kuvuka shamba la viazi au barabara pana. Msitu wa Rungwe na msitu wa Livingstone ulio ndani ya Kitulo umeunganishwa na ukanda mwembamba uitwao Bujingijila. Ukanda huo ukikatika, kipunji wa Rungwe watabaki peke yao kama watu waliofungiwa kisiwani. Kundi dogo lililofungwa huzaana ndugu kwa ndugu, hudhoofika, na ugonjwa mmoja au moto mmoja unatosha kulimaliza.

Lakini sehemu nyembamba ya mlima ndiyo hiyo hiyo ambayo mwanadamu huichagua kupita. Mlango wa mnyama ni mlango wa mtu. Kinachoanza kama njia ya mguu hupanuliwa ipitike na pikipiki. Kandokando yake hufunguliwa shamba moja, kisha la pili. Baada ya miaka kumi msitu umegawanyika bila mtu yeyote kukusudia kuugawa.

Kwa upande mwingine, mama anayetoka kijiji kilicho upande mmoja wa mlima kupeleka mzigo sokoni upande wa pili hawezi kuambiwa tu kwamba njia imefungwa. Akizunguka kwa barabara, nauli inaweza kumeza faida yote. Akipita kwa kujificha, atakuwa anakimbia askari kama mhalifu kwenye njia aliyoonyeshwa na bibi yake.

Njia ya kati ipo, na inaanza na kutofautisha mambo matatu: kupita, kuvuna na kukaa. Mtu anayepita kwa miguu mchana kwenye njia moja inayojulikana hana madhara makubwa kwa kipunji. Madhara makubwa hutokana na kukata miti, kutega mitego ya nyaya, kuwasha moto na kufungua mashamba. Kijiji kinachoweza kuonyesha kwamba kinadhibiti hayo kina hoja nzuri mkononi kinapoomba njia yake itambuliwe.

Maji yanakwenda wapi?

Hata asiyejali kima ana sababu ya kuujali msitu huu. Miteremko ya kusini mashariki ya Rungwe hupata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka, kati ya maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Msitu huipokea mvua hiyo, huifyonza na kuiachilia polepole. Mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo inakwenda Ziwa Nyasa. Upande wa kaskazini, mito kama Chimala na Kimani inashuka Usangu, inamwagilia mpunga wa Mbarali, inaingia Ihefu na kuwa Ruaha Mkuu.

Ruaha Mkuu ndio unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, Iringa, kisha unajaza Mtera na Kidatu, ambako umeme unazalishwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka sehemu fulani wakati wa kiangazi. Sababu zake ni nyingi, na kubwa ni matumizi ya maji tambarareni Usangu, lakini chanzo kikipungua juu, ugomvi wa maji chini unaongezeka. Mkulima wa viazi wa Uporoto anayelima mpaka ukingoni mwa kijito na mkulima wa mpunga wa Mbarali anayesubiri maji hawajuani, lakini wanatumia maji yale yale.

Biashara ya chikanda

Hatari nyingine haipigi kelele. Viazi vya okidi, maarufu kama chikanda, huchimbwa katika nyanda za juu na kuuzwa Zambia, ambako hutengenezwa kitoweo kinachopendwa sana. Watafiti walikadiria mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba viazi hivyo vilivyokuwa vikivushwa kwa mwaka vilifikia mamilioni. Tatizo ni moja: anayechimba kiazi ameua mmea wenyewe. Si sawa na kuchuma majani ya maboga ambayo huchipua tena. Okidi huchukua miaka kukua kabla ya kutoa mbegu, na mahali palipochimbwa kila msimu hubaki bila kitu. Ndani ya hifadhi kuchimba ni kosa. Nje ya hifadhi, vijiji vinaweza kuweka sheria ndogo za kupumzisha maeneo.

Mwananchi afanye nini?

Kwanza, jua mpaka wako. Ofisi ya kijiji inapaswa kuwa na ramani au cheti cha ardhi ya kijiji. Kama vigingi vya hifadhi na ramani ya kijiji havilingani, mwambie mwenyekiti na mtendaji walipeleke suala hilo wilayani kwa maandishi. Ugomvi mwingi huanza pale ambapo kila upande una mpaka wake kichwani.

Pili, kama kijiji kinategemea njia ya mguu inayokatiza msitu, iorodhesheni: inaanzia wapi, inaishia wapi, nani anaitumia, siku gani, kwa shughuli gani. Jadilini katika mkutano mkuu, andikeni muhtasari, na muupeleke kwa mhifadhi. Ombi la njia moja yenye masharti husikilizwa kuliko malalamiko ya jumla kwamba tumefungiwa milima.

Tatu, zuieni moto. Wakati wa kuandaa mashamba, chomeni kwa zamu na si wakati wa upepo, na kateni ukanda wa kuzuia moto upande wa msitu. Moto wa saa moja unaweza kumaliza miti iliyochukua miaka mia kukua.

Nne, tegeni mizinga pembezoni mwa msitu pale makubaliano yanaporuhusu. Nyuki wanahitaji miti iliyosimama, na asali ya milimani ina soko.

Tano, vijana wanaotaka kuongoza wageni wajisajili na ofisi ya hifadhi. Safari ya Ngosi kwa miguu kupitia msitu wa mianzi na migomba pori huchukua karibu saa mbili kupanda, na njia huteleza sana wakati wa mvua. Mgeni anamhitaji mtu anayeijua njia, kama Elton na Thomson walivyowahitaji. Tofauti ni kwamba safari hii jina la anayeongoza linaweza kuandikwa na malipo yake kukubaliwa mapema.

Kwa anayetaka kutembelea ziwa: pitia kwanza ofisi ya TFS ulipie kibali, usiende peke yako, vaa viatu vinavyoshika, beba nguo ya baridi, na usijaribu kushuka kwenye kuta za kreta bila mwongozaji. Waliozoea kupanda hushauri kuondoka asubuhi, kwa kuwa ukungu ukishafunga mchana unaweza kufika ukingoni usione hata tone la maji.